KUWATAYARISHIA KAZI WANAOMALIZA VIFUNGO: WAJIBU WETU SOTE

(Hii ni nakala ya mazungumzo yaliyotolewa na Ofisa Habari wa Wizara mbele ya masheha, watumishi wa Serikali na wananchi. Inachapishwa katika ukurasa huu kwa manufaa ya wasomaji ambao hawakuwahi kuhudhuria.)



  Nimepewa jukumu la kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo aghalabu hatulizungumzi mpaka liwe limefika mlangoni petu. Jambo lenyewe ni namna ya kuwatayarisha watu wanaokaribia kumaliza vifungo vyao ili wapate kazi za halali, na namna ya kuwapokea pindi watokapo.

Ndugu wananchi, katika visiwa vyetu hatusemi gereza. Tunasema Chuo cha Mafunzo, na anayetumikia adhabu yake humo huitwa mwanafunzi. Majina hayo hayakuchaguliwa kwa ajili ya kupamba maneno. Yana maana kwamba mtu huingizwa pale ili arekebishwe, afunzwe, kisha arejeshwe kwa jamaa zake akiwa bora kuliko alivyoingia. Lakini jina jema huja na deni lake. Mwanafunzi wa chuo chochote anapohitimu hutoka na cheti, na watu humpa hongera, na waajiri humuuliza anajua nini. Je, mhitimu wa chuo chetu hiki hutoka na nini? Mara nyingi hutoka na ujuzi mikononi na aibu usoni. Ujuzi hakuna anayeuuliza. Aibu ndiyo inayoulizwa na kila mtu.

Naomba kwa idhini yenu niseme jambo lililonifika mimi mwenyewe, kwani si vyema mtu kuwanasihi wenzake ilhali anaficha la kwake.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa najenga nyumba yangu shamba. Nilihitaji milango mitano. Mzee mmoja jirani, ambaye namheshimu mno, akaniletea kijana aliyekuwa ametoka Chuo cha Mafunzo baada ya kutumikia kifungo kwa kosa la wizi wa mazao. Kule ndani alijifunza useremala. Alikuja na kiti alichokitengeneza kwa mikono yake ili nione kazi yake. Nilikipindua kiti kile, nikavitazama viungo vyake. Vilikuwa vimeshikana sawasawa bila ya msumari hata mmoja. Nikamwambia, "Mwanangu, kazi yako nzuri. Nitakuita."

Sikumwita. Kazi nikampa fundi mwengine, na milango yake ilipopata mvua ya masika ikavimba isifungike. Lakini si milango inayonisikitisha. Yule kijana alikaa kijijini miezi mitatu akingoja kuitwa, na mimi na wengine mfano wangu. Kisha akapanda chombo, akavuka bahari, na hadi leo hajarudi. Kila Sikukuu ya Idi ninapokwenda kumwamkia mama yake, bibi yule huniuliza iwapo katika safari zangu za kikazi nimepata habari zozote za mwanawe. Humjibu kuwa sijapata. Yeye hajui kwamba nilikuwa na milango mitano.

Ndugu zangu, nimeyasema haya ili tufahamu kwamba kadhia hii si ya Serikali peke yake, wala si ya askari wa Chuo cha Mafunzo peke yao. Ipo katika milango ya nyumba zetu.

Ni kitu gani kilichonizuia? Ni khofu. Wazee walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Khofu hiyo haistahiki kudharauliwa, kwa sababu wapo walioibiwa wakapoteza jasho lao la miaka mingi. Mwenye kuumizwa ana haki ya kuogopa, na hakuna anayemlazimisha asahau. Lakini tuipime khofu kwa mizani ya akili. Mtu aliyemaliza kifungo chake atarudi tu katika shehia yake, tupende tusipende. Atahitaji kula siku ileile ya kwanza. Atakapokosa kazi ya halali, watakaomkaribisha kwa mikono miwili ni wale aliokuwa nao kabla ya kufungwa. Kwa hiyo anayemnyima kazi mtu huyu kwa kuogopa wizi, bila ya kujua huenda anausaidia wizi wenyewe.

Visiwa vyetu ni vidogo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Zanzibar nzima. Katika miji mikubwa ya nchi nyengine mtu anaweza kuhamia mtaa wa pili akaanza upya, hapana amjuaye. Hapa kwetu jina la mtu hufika kabla ya miguu yake. Jambo hilo lina ubaya, kwani doa halifutiki upesi. Lakini lina uzuri pia, kwani panapopatikana mzee mmoja mwenye kuaminika akasema, "Huyu namjua, mpeni kazi," neno lake hufanya kazi kuliko barua kumi.

Sasa natuangalie wenzetu duniani wamekubaliana nini. Mwaka 1955 Umoja wa Mataifa ulikutanisha mkutano mjini Geneva uliotoa kanuni za mwanzo za namna ya kuwatendea wafungwa. Kanuni hizo zilifanyiwa marekebisho, na tarehe 17 Disemba, 2015 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizipitisha upya kwa jina la Kanuni za Nelson Mandela, kwa kumuenzi kiongozi yule aliyekaa kifungoni miaka 27, mingi kati ya hiyo katika kisiwa cha Robben. Bara letu nalo halikubaki nyuma, kwani mwezi wa Septemba, 1996 lilitolewa Azimio la Kampala juu ya hali za magereza katika Afrika.

Kanuni za Mandela zinaeleza kwamba makusudio ya kifungo ni kuilinda jamii na kupunguza kurudiwa kwa makosa, na kwamba makusudio hayo hayafikiwi isipokuwa muda wa kifungo utumike kumwezesha mtu kurudi katika jamii, kuheshimu sheria na kujitegemea. Angalieni neno hilo la kujitegemea. Kukaa bila ya kuiba hakutoshi. Lazima mtu awe na njia ya kula.

Kwa kuzingatia msingi huo, naomba kutaja mambo machache ya utekelezaji.

Kwanza, matayarisho yaanze mapema. Kanuni zile zinataka mustakbal wa mfungwa ufikiriwe tangu mwanzo wa kifungo chake, wala isingojwe wiki ya mwisho. Mtu anapoingia aulizwe alikuwa akifanya kazi gani, anajua kusoma na kuandika kiasi gani, na nyumbani kwao kuna shughuli gani. Mtoto wa mvuvi wa kaskazini na mtoto wa mkulima wa Pemba hawana haja moja. Fani atakayofunzwa iwe ile itakayompatia riziki huko anakorudi.

Pili, mafunzo yafanane na kazi ya nje. Kanuni zinasema wazi kwamba kazi ndani ya kifungo ifanane kadiri inavyowezekana na kazi ya namna hiyohiyo nje. Kijana akijifunza useremala kwa msumeno wa mkono tu, kisha akaingia katika karakhana ya mjini yenye mashine za umeme, ataonekana mjinga ilhali si mjinga. Vivyo hivyo kwa ushoni, uashi, ufugaji na kilimo. Na ujuzi uliopatikana upimwe na uthibitishwe kwa kiwango kilekile kinachotumika kwa wanafunzi wa vituo vyetu vya mafunzo ya amali, kama vile Mkokotoni, Mwanakwerekwe na Vitongoji. Cheti kitaje fani na kiwango cha ujuzi. Si lazima kitaje ukuta ambao ujuzi huo ulipatikana ndani yake.

Tatu, mtu asitoke mikono mitupu. Kanuni za Mandela zinataka kazi ya mfungwa ilipwe ujira wa haki, na sehemu ya ujira huo iwekwe akiba akabidhiwe siku ya kutoka. Wazee wetu walikwisha kusema kwamba mkono mtupu haulambwi. Seremala bila ya randa, msumeno na nyundo ni sawa na mvuvi bila ya nyavu. Mshoni bila ya cherehani atabaki kueleza tu kwamba anajua kushona. Akiba ndogo inayotosha kununua vifaa vya mwanzo inaweza kuwa na faida zaidi kuliko mawaidha ya mwaka mzima.

Nne, nyaraka. Hapa nawalenga watumishi wenzangu. Kanuni zinaelekeza kwamba anayetoka apatiwe nyaraka na vitambulisho vinavyostahiki, awe na pahala pa kukaa na kazi, mavazi ya heshima, na uwezo wa kufika anakokwenda. Sote tunajua kuwa bila ya Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi milango mingi hufungwa. Mtu aliyekaa ndani miaka kadhaa huenda kitambulisho chake kimepitwa na muda, kimepotea, au cheti chake cha kuzaliwa kimeliwa na mchwa nyumbani. Akifika ofisini anaambiwa alete barua ya sheha. Akifika kwa sheha anaambiwa arudi kesho, kwa kuwa sheha hajui afanye nini naye. Tunamzungusha siku tatu, nne, na nauli yote aliyokuwa nayo imekwisha. Watumishi wenzangu, fomu ileile ambayo kwetu ni kazi ya dakika kumi, kwake ni tofauti baina ya kuanza kazi Jumatatu na kutoianza kabisa. Ikiwezekana shughuli hizi zikamilishwe kabla hajatoka. Isipowezekana, basi tusimwambie njoo kesho.

Tano, wanaotoka kwa msamaha. Kila inapofika maadhimisho ya Mapinduzi, tarehe 12 Januari, Rais wa Zanzibar aghalabu hutumia uwezo aliopewa na Katiba kuwasamehe baadhi ya wanafunzi. Hii ni rehema kubwa, na familia hupokea habari hizo kwa vigelegele. Lakini rehema hiyo huja kwa ghafla kwa mwenye kusamehewa. Aliyekuwa akihesabu miezi minane hujikuta nje kabla ya kumaliza fani yake na kabla jamaa zake hawajajitayarisha. Kwa sababu hiyo, masheha wakipata taarifa wafanye hima kuwatembelea watu hawa katika wiki ya kwanza, na nafasi za kumalizia mafunzo zitafutwe nje.

Sita, akinamama. Mwanamke akifungwa, mara nyingi huachwa na mume, na watoto hugawanywa kwa jamaa. Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Bangkok mwaka 2010 kwa ajili ya wafungwa wanawake kwa kutambua kwamba haja zao ni mbali. Hapa kwetu akinamama ndio nguzo ya kilimo cha mwani, kilichoanza kibiashara katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989. Kazi ya mwani, kushona na kufuma ukili hufanywa kwa vikundi. Nawaomba viongozi wa vikundi hivyo wasifunge milango yao. Mwanamke aliyepokewa na wenzake hawi peke yake tena, na kazi yake huonekana na kila mtu.

Ndugu Mwenyekiti, nageukia sasa waajiri, wakubwa na wadogo, kuanzia mwenye hoteli hadi mwenye genge la matunda.

Simwambii yeyote afumbe macho. Kosa lipimwe kwa kazi inayoombwa. Aliyehukumiwa kwa ubadhirifu wa fedha si busara kumkabidhi sanduku la fedha siku ya kwanza, lakini hakuna sababu ya kumzuia kujenga ukuta. Aliyemdhuru mtoto asiwekwe kazi karibu na watoto. Katika hilo hakuna mjadala. Lakini aliyepigana akiwa na miaka kumi na tisa, leo ana miaka thelathini, kosa lile lina uhusiano gani na kupika mkate?

Jimbo la Hawaii nchini Marekani, ambalo nalo ni la visiwa, lilipitisha sheria mwaka 1998 inayomzuia mwajiri asiulize habari za hukumu za zamani mpaka awe ameshamkubali mwombaji kwa sharti. Baada ya hapo anaruhusiwa kuuliza, lakini hawezi kumkataa isipokuwa hukumu yenyewe iwe na uhusiano wa maana na kazi ile. Majimbo mengine yalikuja kufuata mfano huo baadaye. Maana yake ni nyepesi: mtazame mtu kwanza, kisha litazame kosa. Sisi tulio wengi huanza na kosa, na tukishaliona hatumwoni tena mtu. Huhitaji sheria mpya kufanya hivyo katika karakhana yako mwenyewe. Mpe kazi ya majaribio ya wiki mbili, mwambie mapema utamlipa kiasi gani, mlipe kwa wakati, na muombe mdhamini mmoja anayejulikana. Akienda kinyume, una haki zako kama kwa mfanyakazi mwengine yeyote.

Na nyinyi mnaokaribia kutoka, kwani najua gazeti hili huwafikia wengine huko mliko, nina maneno kwenu. Msiseme uongo mkiulizwa. Uongo ukigunduliwa kisiwani humaliza kila kitu. Semeni kwa ufupi: "Nilikosa, nilihukumiwa, nimemaliza adhabu. Tangu hapo nimejifunza kazi hii, na huu ndio mfano wake." Kisha nyamazeni, muache kazi iseme. Msikatae kazi ndogo ya mwanzo. Fundi mkubwa huanza kwa kushika ubao wa mwenzake. Mkiwa na uwezo, nendeni kwa mliyemkosea mkamtake radhi, mkifuatana na mzee wa mtaa ili jambo lifanywe kwa heshima. Na kama mtakataliwa mara ya kwanza, na ya pili, kumbukeni kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Ndugu wananchi, kila tukisimama Forodhani tunakiona kisiwa cha Changuu. Mwaka 1893 lilijengwa pale gereza, kwa amri ya Waziri wa Kwanza wa Serikali ya Zanzibar wa wakati ule, Lloyd Mathews. Gereza lile halikupata kutumika kufungia wahalifu. Lilifanywa karantini ya kuzuia maradhi. Katika karantini kuna hekima moja. Mtu hutengwa na watu kwa siku zinazojulikana. Siku hizo zikitimia huhesabiwa mzima, na huruhusiwa kuchanganyika na wenzake. Hakuna anayesema kwamba kwa kuwa alitengwa, basi atengwe daima. Sisi adhabu ya mahkama tunaiwekea mwisho, lakini adhabu ya baraza zetu hatuiwekei mwisho.

Sote tuliopita chuoni tukiwa watoto tulisomeshwa kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake. Yeye alifungwa bila ya kosa, na kwa hilo hafanani na wale tunaowazungumzia. Lakini katika kisa hicho kuna mtu mwengine ambaye twampita haraka: yule mfungwa mwenzake aliyetoka akarudi kazini kwa mfalme. Yusuf alimwomba amtaje kwa bwana wake, naye akasahau, na Yusuf akabaki kifungoni miaka. Hakumchukia wala hakumdhuru. Alisahau tu. Nami nikizingatia milango yangu mitano naona kwamba sikumchukia yule kijana, wala sikumtukana. Nilisema nitamwita, kisha nikasahau.

Basi naomba kila mmoja wetu aondoke hapa na jambo moja dogo. Sheha, uliza ni nani katika shehia yako aliyetoka mwaka huu, na umtembelee. Mtumishi wa Serikali, maliza nyaraka zake leo. Fundi, chukua mmoja mwanagenzi. Imamu na mwalimu, mtajeni kwa wema pale watu wanapokusanyika. Na wewe mwenye nyumba, ukiwa na mlango unaotaka kutengenezwa, ukaletewa kijana na kiti chake, usimwambie utamwita. Mwite palepale.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kukomea hapo. Nataraji maswali yenu.